Mwani wa Butihinda huvuka mpaka bila kuulizwa

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupanga foleni Kabanga, upande wa Tanzania, na Kobero, katika komini ya Butihinda. Karatasi hukaguliwa, mihuri hugongwa. Maji ya Butihinda hayapangi foleni. Vijito vyake ni vya bonde la Kagera, mto unaopokea Ruvubu na kuishia Ziwa Victoria. Ndani ya maji hayo husafiri mwani wa maji baridi, mwingine mdogo hata hauonekani kwa macho, na hakuna mwenye orodha kamili ya mwani huo.

Tukisikia kwamba mahali fulani imegunduliwa spishi mpya ya mwani, wengi wetu hufungua ukurasa wa michezo. Lakini ugunduzi wa aina hiyo una kazi nyingi. Mtafiti huchota maji, huyatazama kwa darubini, hulinganisha alichokiona na vyote vilivyokwisha kuelezwa, kisha huchapisha maelezo na kuweka sampuli ya kielelezo mahali pa kudumu ili wengine waikague. Zamani maelezo yalipaswa kuwa kwa Kilatini. Tangu 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Kiswahili bado, na hilo nalo tulizungumze siku moja.

Swali langu ni sampuli hukaa wapi. Mwaka 1904 na 1905 Mwingereza W. A. Cunnington alikusanya mwani wa Tanganyika, Nyasa na Victoria, na mwenzake G. S. West akauchapishia ripoti 1907, akiwa Uingereza. Burundi yenyewe haijakosa wataalamu: kazi ya Balthazar Mpawenayo kuhusu mwani wa maji ya tambarare ya Rusizi ilitoka 1996, na 2005 yeye na wenzake wakaandika kuhusu daiatomu, yaani mwani wenye ganda kama la kioo, wa chemchemi za maji moto nchini humo. Ni kazi za kujivunia. Lakini Rusizi huelekea Tanganyika, si Kagera, na mtafiti mmoja mmoja hawezi kubeba mito yote ya nchi.

Kwa nini mfanyabiashara wa Kobero ajali? Kwa sababu ya kilichotokea Victoria. Mwaka 1960 na 1961 J. F. Talling alipima mwani wa ziwa hilo. Watafiti waliorudi miaka ya 1990, akiwemo Rose Mugidde wa Uganda, walikuta uzalishaji wa mwani umepanda sana. Daiatomu za jamii ya Aulacoseira zilizotawala zamani zimepungua, na bakteria wa bluu-kijani, ambao wengi huwaita mwani, wamejaa. Baadhi yao, kama Microcystis, hutoa sumu inayodhuru ini, na Ghuba ya Winam, inayonywesha Kisumu, inawajua vizuri. Mabadiliko hayo yalionekana kwa sababu mtu alikuwa ameandika hali ya awali. Asingeandika, tungebaki kubishana kama maji ya kijani ni ya jana au ya tangu mababu.

Butihinda nako kuna mashamba ya milimani yanayomomonyoka na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mikoa hii ina mitambo ya kuosha kahawa. Tope huzuia mwanga, maji machafu ya kahawa hula oksijeni. Spishi zisizo na jina zikitoweka leo, hatutajua hata kwamba zimetoweka.

Najua nitaambiwa zahanati hazina dawa, wewe unalilia mwani. Kweli, ila darubini, wavu laini na wahitimu wawili wa biolojia si gharama ya kuangusha bajeti. Taasisi tunazo tayari: Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, ya sayansi na teknolojia iko Kigali, na hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iko Nairobi. Zipange vituo vya kuchota maji kuanzia vijito vya Muyinga hadi Kagera inapoingia ziwani, kwa majira ya mvua na ya kiangazi. Sampuli moja ya kila kielelezo iende Nairobi, nyingine ibaki Burundi, ili mwanafunzi wa Gitega asiombe viza ya Ulaya kwenda kutazama mwani wa mto wa kwao.