Sahani ya Msafiri na Heshima ya Taifa

Tuzungumzapo utamaduni wa Taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, mashairi na mavazi. Chakula tunakisahau, kana kwamba tumbo halina utamaduni.

Tuitazame barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Msafiri akishaupanda mlima Kitonga huingia katika ghala la nchi: nyanya za Ilula, chai ya Mufindi, viazi vya Uporoto, ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela na samaki wa Ziwa Nyasa. Ni mjini Iringa, mwaka 1972, TANU ilipotangaza kwamba Siasa ni Kilimo. Lakini msafiri huyo akiingia katika hoteli za Iringa au Mbeya zenye vitambaa mezani, hupewa nini? Aghalabu huletewa orodha iliyoandikwa kwa Kiingereza, na humo mna chipsi, kuku wa kukaanga na soda. Ndizi za kupika hazimo. Kande hazimo. Vyakula hivyo ameachiwa mama lishe wa stendi, kana kwamba ni vya watu duni.

Hatugombani na kiazi. Hicho ni jasho la wakulima wetu. Tunagombana na fikra kwamba kiazi hakistahili meza ya heshima mpaka kitumbukizwe katika mafuta.

Wapo watakaosema kuwa msafiri ana haraka. Kande na maharage huchemshwa alfajiri na kupakuliwa papo hapo. Chipsi ndizo zinazosubiriwa jikoni. Wengine watasema vyakula vya mama lishe ni vichafu. Uchafu hutokana na maji na mikono, wala hauchagui hoteli. Chakula kinachofuka mvuke ni salama kuliko kachumbari iliyooshwa kwa maji yasiyochemshwa. Wengine watatukumbusha kuwa hata mahindi asili yake ni bara la Amerika. Ni kweli, na viazi pia. Lakini utamaduni haupimwi kwa mahali mbegu ilikotoka, bali kwa mikono iliyoipika na lugha iliyoipa jina. Kukopa si aibu. Aibu ni kukionea haya ulicho nacho.

Mwaka 1962, alipounda wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba uovu mkubwa wa ukoloni ulikuwa kutuaminisha kuwa hatuna utamaduni wetu wenye thamani. Kasumba hiyo ikifukuzwa shuleni na kukaribishwa mezani, tumefanya kazi nusu.

Walimu, waagizeni wanafunzi waandike majina ya vyakula vya wazee wao na namna ya kuvipika. Nanyi wanafunzi, mnaposafiri, ulizieni vyakula hivyo kwa Kiswahili, bila kunong'ona. Mwenye hoteli hupika kinachoulizwa. Tusipouliza, hatapika, na asipopika, watoto wetu hawatajua kwamba palikuwa na kitu cha kuuliza.