Kabla ya bwawa la kuogelea, panda darini

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya nyumba ya Shela. Kuta nyeupe pe, maua ya waridi yameteremka ukutani, kijibwawa cha kuogelea, kitanda cha kamba chini ya makuti. Halafu swali: "Bro, nikinunua gofu hapo nikalipiga rangi, pesa zitarudi?"

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili. Sina cheti cha ujenzi wala cha uchumi. Lakini nimelala Shela chini ya dari linalovuja, sufuria tatu zimepangwa sakafuni, kwa hivyo nisikilize kidogo. Rangi ni kitu cha mwisho kununua. Panda darini kwanza.

Bibi yetu alituachia nyumba ya mawe, na warithi ni saba. Tulipokaa kuzungumzia ukarabati, kila mtu alikuja na lake. Mmoja alitaka choo cha kisasa cha wageni. Mwingine, aliye Dubai, alitaka eyakondishena, manake ndiye aliyekuwa akituma pesa. Hakuna aliyetaja dari. Dari halipigwi picha. Tukamleta fundi wa haraka, akakandika ukumbi mzima kwa simiti, ukawa laini kama kioo. Tukapiga picha, tukapata wageni, tukajiona wajanja.

Misimu miwili ya masika, lipu ikaanza kuvimba. Kisha ikaanguka vipande vipande, nyuma yake mawe yanamomonyoka unga. Tukamwita mzee mmoja fundi wa chokaa. Akagonga ukuta kwa kidole, akanusa, akasema, "Mwanangu, mmeiziba pumzi nyumba hii."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe ni sayansi kamili. Nyumba za zamani za Lamu na Shela zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa. Matumbawe yana vitundu. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa nje jua likipiga. Lipu ya chokaa huuachia upite. Simiti haiuachii. Maji na chumvi yake vinabaki ndani, chumvi inaganda, inasukuma, jiwe linavunjika polepole huku wewe nje unaona ukuta mzuri kabisa.

Na si ukuta peke yake. Dari na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Kichwa cha boriti kimezama ukutani, hukioni. Ukuta ukikaa na unyevu, kichwa huoza, mchwa nao hawakawii kualikwa. Siku utakapojua, ni siku dari limeshuka.

Basi ukienda kuangalia nyumba, wacha kushangaa vidaka na milango ya kuchonga. Nenda wakati wa mvua. Panda juu utazame nyufa na mahali maji yanapotuama, halafu teremka uchokoe vichwa vya boriti kwa kisu. Bei ya nyumba iko pale, na hapo ndipo shilingi yako ya kwanza inapaswa kwenda. Ukisikia fundi anasema atang'oa boriti amwage zege, muulize mchanga atautoa wapi. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi hula chuma.

Najua utaniambia chokaa ni ghali na inachelewa. Kweli, inachelewa. Kuizima kuna muda wake, kukauka kuna muda wake, na kila gunia linavuka maji kwa boti kisha linapanda vichochoroni kwa punda. Mikoko nayo si ya kukata tu. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti, mafundi wa Lamu walikaa bila boriti. Weka hayo kwenye hesabu tangu mwanzo, usije ukayaita bahati mbaya baadaye.

Hesabu nyingine ambayo vijana wenzangu wa "pasivu inkamu" hawaipendi: Shela hufungwa ghafla. Oktoba 2011 Mfaransa mmoja alitekwa nyara kisiwani Manda, ng'ambo tu ya maji. Mwaka 2014 yakaja mashambulizi ya Mpeketoni na kafyu. Mwaka 2020, korona. Kila mara nyumba zilibaki tupu miezi na miezi, na nyumba tupu haina mtu wa kuona tone la kwanza. Ukikarabati kwa mkopo wa benki ukitegemea wageni wa Desemba, unacheza kamari. Karabati kwa awamu, na mlipe mtu wa hapo hapo awe anapanda darini kila mvua ikinyesha.

Hilo bwawa la kuogelea je? Maji matamu tunayokunywa yanatoka chini ya vile vilima vya mchanga vya Shela, na mji wa Lamu pia unayategemea. Bahari iko hatua chache kutoka mlangoni pako. Mimi singelichimba.

Na wewe mrithi mwenzangu, unayetaka kumuuzia mgeni sehemu yako kwa sababu nyumba "imechakaa": pata kwanza fundi wa chokaa akukadirie dari peke yake. Dari tu, si nyumba nzima. Sisi tulifanya hivyo tukakuta ni pesa ambazo watu saba wanaweza kuchanga, tena chini ya zile tulizomwaga kwenye simiti. Binamu wa Dubai alinuna wiki mbili, kisha akatuma.

Sasa simiti yote tumeibandua. Ukumbi uko uchi, mawe nje, hakuna mgeni atakayelipia kulala humo mwaka huu. Mzee anasema ukuta ukauke kwanza ndipo apige lipu. Mimi namshikia ngazi na kujifunza kukoroga chokaa, mikono imebabuka. Masika yakianza Aprili, tutajua kama dari limeshika.