FoxPro: Je, Nyongeza za Lugha Kongwe Zina Maana?

Wapenzi wa lugha, leo naomba radhi niziache kando vina na mizani, nizungumzie lugha isiyo na msemaji wala mshairi: FoxPro, lugha ya kutungia programu za kanzidata. Amri zake nyingi ilizirithi kwa dBASE, nazo ni vitenzi vifupi vya Kiingereza: USE hufungua jedwali, SEEK hutafuta, REPLACE hubadilisha. Aliyejifunza vitenzi hivyo miaka ya 1980 aliweza kuvitumia vilevile miaka ishirini baadaye.

Microsoft iliinunua kampuni ya Fox Software mwaka 1992, ikaendelea kuitolea lugha hii matoleo mapya. Toleo la 8, la mwaka 2003, lilileta TRY na CATCH, yaani njia ya kunasa hitilafu pale pale inapozuka. Toleo la 9, la Desemba 2004, liliondoa kikomo cha idadi ya majedwali yanayounganishwa katika ulizo moja la SQL, likaboresha sana utengenezaji wa ripoti. Wapo waliobeza: ajuza kavishwa kanga mpya! Mimi sikubaliani nao. Kabla ya TRY, hitilafu aghalabu zilipelekwa kwa mlinzi mmoja wa programu nzima, ON ERROR, naye hakujua kila moja imetoka chumba gani. Nyongeza inayomwondolea mtunzi adha ya namna hiyo si pambo.

Lakini jedwali la FoxPro lilibaki na kikomo cha gigabaiti 2, toleo baada ya toleo. Mwenye ghala ambaye kumbukumbu zake zimefurika hana haja na ripoti zenye madaha, anataka nafasi. Kisha, Machi 2007, Microsoft ikatangaza kwamba toleo la 10 halitakuwapo, na Januari 2015 ikakoma kuihudumia lugha hiyo. Watumiaji waliendelea kubuni zana zao kupitia mradi wa VFPX, ila kiini cha lugha kilibaki kufulini. Sisi tulipohitaji neno “kanzidata” hatukumbishia hodi mwenye mali yeyote. Wao kufuli lile hawana ufunguo wake.

Basi anayeniuliza kama aihame FoxPro au abaki nayo, simtajii TRY wala CATCH. Namuuliza kwanza: jedwali lako kubwa kuliko yote limefika gigabaiti ngapi?