Ukisomewa 'riot act', uliza saa yako iko wapi

Wiki hii tunao msemo ambao watu wa maofisini wanaujua vizuri: "to read the riot act". Mtu anarudi nyumbani uso umemshuka, anasema leo bosi "katusomea riot act". Usidhani walisomewa kitabu. Walifokewa, wakaambiwa atakayeendelea na mchezo wake atakiona cha mtema kuni.

Ulitoka wapi? Riot Act ilikuwa sheria kweli, tena siyo ya utani. Bunge la Uingereza liliipitisha mwaka 1715, ikaanza kutumika Agosti 1 mwaka huo huo, wakati Mfalme George wa Kwanza ndiyo kwanza kakalia kiti na fujo zimezagaa mijini. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa vurugu, hakimu au meya alisimama mbele yao, akawasomea kwa sauti tangazo fupi la kuwataka watawanyike. Akimaliza, saa inaanza kuhesabiwa. Saa moja tu! Ukikutwa bado upo, ni kitanzi. Na anayewatawanya akikuua, hana kesi.

Tena tangazo lilitakiwa lisomwe lote, hadi yale maneno ya mwisho ya kumwomba Mungu amlinde Mfalme. Iko kesi iliyowahi kuanguka mahakamani kwa sababu msomaji aliyaruka maneno hayo.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Agosti 16, 1819, watu wapatao 60,000 walijaa kwenye uwanja wa St Peter's Field, Manchester, kudai uwakilishi bungeni. Mahakimu walisema tangazo lilisomwa. Wengi waliokuwepo walisema hawakusikia kitu, walichoona ni askari wa farasi wanawaingilia na panga mkononi. Zaidi ya watu 10 waliuawa, mamia wakajeruhiwa. Kwenye umati ule, bila hata kipaza sauti, nani angemsikia mtu mmoja anayesoma karatasi?

Huko England sheria hiyo ilifutwa mwaka 1967, msemo ukabaki. Lakini angalia kilichopotea njiani. Sheria ile, pamoja na ukatili wake, ilikuwa na mambo mawili ya haki: usomewe kwanza, halafu upewe saa moja. Sisi tumebaki na kufoka tu. Baba anamfukuza binti usiku ule ule. Bosi anamwachisha kazi kibarua ambaye siku ya onyo hakuwepo. Ukiwauliza, wote jibu lao moja: "Nilishawaambia!"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa kabisa, sipingi. Ila na mkuu naye ahakikishe amesikika, kisha atoe ile saa moja. Guu likishavunjika, kusema "nilishasoma" hakuliungi.

Haya, tukutane wiki ijayo na msemo mwingine.