Anayenunua nyumba ya mdaiwa ana wajibu wa kumweleza

Mwaka jana wakala mmoja wa nyumba alinijia na habari ambazo kwake zilikuwa njema. Mwalimu mstaafu mjini Nakuru alikuwa ameshindwa kulipa mkopo, na nyumba aliyoiweka rehani ilikaribia kupigwa mnada. "Mpe nusu ya thamani yake, Daktari," akaninong'oneza. "Amebanwa, hatakataa."

Nilikwenda, kwani nami nilikuwa na akiba yangu. Mzee huyo alinikaribisha kwa chai, kisha akanikabidhi barua ya benki. Alikuwa amefundisha Kiingereza kwa zaidi ya miaka 30, lakini Kiingereza cha mawakili kilikuwa kimemtatiza. Akaniomba mimi, niliyekuja kununua, nimfafanulie. Hapo ndipo nilipong'amua kuwa bei nafuu niliyoahidiwa ilitegemea kutojua kwake.

Barua ile haikusema kwamba nyumba imekwisha kwenda. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki impe mdaiwa ilani ya muda usiopungua miezi mitatu ili alipe. Asipolipa, sharti apewe ilani nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuziwa mali yake. Dalali naye, kwa mujibu wa kanuni za 1997, humpa siku 45 za kuikomboa. Isitoshe, sharti nyumba ithaminiwe kwanza, na benki itafute bei bora inayoweza kupatikana. Ikiiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huchukuliwa kwamba imekiuka wajibu wake, mpaka ithibitishe vinginevyo.

Tuchukue mfano. Nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 8 ina deni la milioni 3. Mnunuzi akitoa milioni 4, mwenye nyumba hubaki na milioni 1. Akitoa milioni 7, hubaki na milioni 4. Yule wa kwanza hudai amemwokoa mwenzake na nyundo ya dalali, ilhali hata benki ingetakiwa kujieleza kwa kuiuza chini ya milioni 6!

Yamkini msomaji atasema kuwa biashara ni biashara, na kwamba mnunuzi si wakili wa muuzaji. Sikatai. Anayelipa taslimu na kwa haraka, huku riba ikizidi kupanda, anastahili kupunguziwa bei. Hata hivyo, makubaliano hutaka pande mbili zinazoelewa linalosemwa. Mfa maji haachi kutapatapa, na ndiyo kwake ya wakati huo haitoshi kuitwa hiari.

Kwa hivyo, mnunuzi mwadilifu humweleza mdaiwa siku alizobakiwa nazo. Humtaka atafute mthamini na wakili wake mwenyewe, na aombe benki imwandikie kiasi kamili cha deni. Fedha za deni hupitia kwa mawakili hadi benki, nazo zinazosalia humfikia mwenyewe. Mke au mume naye ahusishwe, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu makao ya ndoa kuuzwa bila idhini ya wote wawili.

Nilimsomea mzee barua yake, sentensi baada ya sentensi, kwa Kiswahili. Alitafuta wakili, akazungumza na benki, na hatimaye akamuuzia mtu mwingine kwa bei nisiyoimudu. Wakala hajanisamehe hadi leo.

Lakini wadaiwa wangapi hupata wa kuwasomea? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinatambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mabenki yanayotutangazia mikopo kwa Kiswahili kitamu hayana budi kutuandikia ilani za kuuza nyumba zetu kwa Kiswahili hicho hicho. Nasi walimu tuwafunze wanafunzi wetu kuisoma mikataba kabla hawajaitia sahihi.