Vishikio vya kiti mwendo: pima anayesukuma, muulize anayesukumwa

Wiki hii tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hatukiangalii mpaka mgongo uanze kuuma: vile vishikio viwili vya nyuma ya kiti mwendo.

Mwanangu ana miaka 12. Kiti chake cha pili tulikipata wakati wa masika. Kilikuwa kipya, nikashukuru bila kuuliza swali. Njia ya kwetu Ilboru ni mlima tangu barabarani mpaka nyumbani. Vishikio vilikuwa chini mno, nikawa nasukuma nimeinama. Haikupita wiki, kila usiku nakanda kiuno kwa maji ya moto. Kisha siku moja ya mvua, tukiwa tunateremka, raba ya kushoto ikachomoka ikabaki mkononi mwangu. Kiti kikageuka, kikaegemea ukingo wa mtaro. Mtoto hakuumia. Mimi nilikaa kwenye tope nikalia.

Tangu siku hiyo naangalia mambo manne.

Kwanza, urefu. Simama wima nyuma ya kiti ukiwa na viatu vyako vya kila siku. Vishikio viwe kati ya kiuno na viwiko, mikono ikunjike kidogo. Kama leo unasukuma wewe na kesho bibi yake, tafuta vinavyopandishwa na kushushwa.

Pili, raba. Zivute, zizungushe. Ikiteleza, usitoke na mtoto. Usiirudishe kwa mafuta au sabuni, itachomoka tena. Na anayekusaidia kubeba kiti kwenye ngazi au daladala ashike fremu, si raba.

Tatu, mizigo. Mfuko wa viazi kutoka soko la Kilombero usiutundike kwenye vishikio. Mkianza kupanda mlima, kiti kinaweza kupinduka nyuma.

Nne, mteremko mkali. Teremka kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini, mtoto akiutazama Mlima Meru.

Ukitaka vishikio virefushwe, usikimbilie kwa fundi wa kuchomelea. Weka sumaku kwenye bomba la kiti. Isiponata, huenda ni alumini, na kuchomelea kwa kawaida kutaliharibu. Tafuta fundi aliyesomea viti mwendo. Hapo jirani Moshi, chuo cha TATCOT kilichopo KCMC kimefundisha mafundi wa kazi hiyo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti hivi, likasisitiza kwamba kiti kimfae mtumiaji na mazingira yake. Mazingira yetu ni milima, vumbi na tope.

Lakini kubwa zaidi nilifundishwa na mwanangu. Tulipokwenda kubadilisha kiti, nilichagua vishikio virefu, imara, visivyokunjika. Akanishika mkono.

“Mama, hivyo kila mtu atavishika. Konda ananisogeza kama toroli. Shuleni wananigeuza nikiwa bado naongea.”

Sikuwa na jibu. Miaka yote nilikuwa nikifikiria mikono yangu tu.

Tulichukua vya kukunja. Njiani navisimamisha, nahakikisha vifungio vimekaza kabla ya kusukuma. Tukifika getini navikunja, naondoka. Na wanaotaka kumsaidia tumewaomba neno moja kwanza: “Nikusukume?” Akikataa, basi.

Siku ya kwanza sikuondoka kweli. Nilijibanza nyuma ya ukuta nikamchungulia. Alijisukuma mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa, polepole, akisimama mara mbili kupumzika. Hakuna aliyemgusa.

Mzazi mwenzangu, kabla hujapokea kiti, simama nyuma yake ujipime. Kisha zunguka mbele, chuchumaa, umuulize mwanao.

Tukutane wiki ijayo.