Majivu Kwenye Paji, Bahasha Mkononi: Kwaresima Imempotezea Wapi Maskini?

Jumatano ya tarehe 5 Machi 2025 Wakatoliki nchini walipakwa majivu na kuanza Kwaresima. Siku mbili baadaye, Ijumaa tarehe 7 Machi, Baba Mtakatifu Fransisko aliunda Jimbo Katoliki la Bagamoyo kwa kumega maeneo ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, akamteua Askofu Stephano Lameck Musomba kuwa askofu wake wa kwanza. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Watanzania walipiga kura. Majivu, jimbo jipya na uchaguzi vimekutana katika msimu mmoja, na kukutana huko kuna hatari ambayo sijasikia ikizungumzwa kwa uwazi unaostahili.

Hoja yangu ni hii: katika parokia zetu nyingi sadaka ya Kwaresima imegeuka kuwa mchango, mchango umemsahau maskini, na nafasi aliyoiacha maskini inakaliwa na mwanasiasa. Tusipolisema hilo mapema, jimbo jipya litaezekwa kwa mabati ya wagombea.

Naomba msomaji anifuate hadi Vigwaza, kando ya barabara ya Morogoro, kati ya Mlandizi na Chalinze. Madereva wa malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi wanaifahamu Vigwaza kwa jambo moja: mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56, na lori lililozidisha halipewi njia kwa sababu dereva wake amening'iniza rozari kwenye kioo. Mizani haiulizi dini. Inauliza umebeba nini. Kwaresima iliwekwa iwe mizani ya namna hiyo kwa Mkristo. Sisi tumeifanya kuwa kibandiko cha kuonyesha kwamba tulipita.

Tuangalie tunachokifanya. Matawi ya mwaka jana huchomwa, waumini hupanga foleni, kanisa hujaa kuliko Jumapili nyingi za kawaida. Zambarau hutanda altareni, "Aleluya" hunyamaza, "Utukufu" huwekwa kando, na kila Ijumaa Njia ya Msalaba huzunguka kutoka kituo hadi kituo. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa inawabana waliotimiza miaka 14 kujinyima nyama, na watu wazima kufunga hadi waanzapo mwaka wa 60. Haya yote ni mema. Sina ugomvi na majivu wala na zambarau. Ugomvi wangu ni na mtu anayeamini kwamba akiacha nyama siku ya Ijumaa na kula sangara wa kukaanga wa bei kubwa zaidi, amefunga.

Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu, ya Mathayo sura ya 6, inataja mambo matatu kwa mpangilio ambao mahubiri yetu huupita haraka: sadaka kwanza, kisha sala, kisha kufunga. Sadaka inatangulia. Na Ijumaa inayofuata somo la kwanza huwa Isaya sura ya 58, ambamo nabii anawashambulia watu wanaofunga huku wakiwakandamiza vibarua wao, na kuwaambia kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kufungua minyororo ya dhuluma, kumgawia mwenye njaa chakula na kumsitiri asiye na makao. Ijumaa hiyo mwaka 2025 ilikuwa ndiyo tarehe 7 Machi. Siku ambayo Jimbo la Bagamoyo lilizaliwa, Kanisa zima lilikuwa linasoma Isaya 58. Sidhani kama jimbo lingeweza kupewa katiba iliyo bora zaidi.

Sasa tuulize: neno "sadaka" lina maana gani leo katika jumuiya zetu ndogo ndogo? Mwulize mama wa WAWATA au kijana wa VIWAWA. Atakutajia sadaka ya kwanza, sadaka ya pili, zaka, tegemeza jimbo, mchango wa ujenzi, mchango wa nyumba ya mapadri, mchango wa ziara ya askofu. Ana bahasha ya kila kimoja, yenye jina lake, na asiyerudisha bahasha jina lake husomwa. Ni wapi basi ilipo bahasha ya mjane anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo jumuiya inaposali? Kwa kawaida haipo. Yeye mwenyewe amepewa bahasha ajaze.

Hapa Pwani tunaye jirani wa kujipima naye. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja, na Wakristo wa Vigwaza, Chalinze na Bagamoyo wanaishi ukuta kwa ukuta na Waislamu. Jirani huyo anajua tofauti ya zaka na sadaka, na anajua kwamba zaka ya fitri ina mlengwa na ina muda: imfikie mhitaji kabla ya sala ya Idi, ili naye asiamke siku ya furaha akiwa na chungu kitupu. Sisi tumelichukua neno hilo hilo, zaka, tukalipeleka kwenye leja ya parokia. Sisemi parokia haina haki ya kutegemezwa. Kanuni ya 222 inawataka waamini walitegemeze Kanisa lao. Lakini kanuni hiyo ina vipengele viwili, na cha pili kinawataka waendeleze haki katika jamii na kuwasaidia maskini kwa mali zao wenyewe. Kipengele cha kwanza kinahubiriwa kila mwezi. Cha pili kimelala kitabuni.

Tena ni ajabu kwamba usahaulifu huu unatokea Bagamoyo. Misheni iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 haikuanza na harambee ya kuezeka. Ilianza na watu waliokombolewa utumwani, wakapatiwa makazi, mashamba na shule. Wanahistoria wamekwisha kuonyesha, na wana haki, kwamba maisha ndani ya kijiji kile cha misheni yalikuwa na nidhamu kali na kazi nyingi, na kwamba waliokombolewa hawakuwa huru kwa kadiri tunavyopenda kusimulia kwenye jubilei. Hata hivyo ukweli mmoja unabaki: Kanisa la ukanda huu lilijulikana kwanza kwa kutoa fedha ili mtu awe mtu. Leo linajulikana kwa kuomba fedha ili jengo liwe jengo.

Mfungo wa Isaya ungekuwa na sura gani Vigwaza? Ungeanza na ardhi. Ukanda huu wa Ruvu umeshuhudia migogoro ya wakulima na wafugaji, na thamani ya ardhi yake inapanda kwa sababu ya barabara, bandari kavu ya Kwala na reli ya kisasa, iliyoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Wapo watu wanaoishi Dar es Salaam waliozungushia uzio maeneo makubwa wasiyoyalima, wakisubiri bei ipande, huku mkulima akikodi nusu ekari kwa msimu. Baadhi yao ni Wakatoliki wazuri, wafadhili wa parokia, wanaokaa kiti cha mbele. Nani atawaambia kwamba uzio ule nao ni jambo la kuungamwa?

Ungeendelea na ujira. Mfanyakazi wa ndani asiyelipwa miezi miwili, kibarua wa shambani anayezungushwa, kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu ya kila siku hata siku anayougua: hawa ndio "vibarua" wa Isaya, na waajiri wao wanapakwa majivu pamoja nao. Ungefika ofisini pia. Ndugu yangu mtumishi wa umma, ukiacha nyama siku 40 na bado mwanakijiji anakuja mara tano kwa mhuri ambao ungeugonga siku ya kwanza, umefunga nini? Njaa yako haimsaidii. Nauli yake ndiyo inayofunga.

Nirudi kwenye hatari niliyoitaja mwanzoni. Jimbo jipya lina mahitaji mengi: makazi, ofisi, malezi ya mapadri, vyombo vya usafiri. Mwaka wa uchaguzi una watu wenye fedha wanaotafuta umati uliotulia na kipaza sauti kinachofanya kazi. Harambee ya parokia inawapa vyote viwili. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inakataza zawadi za kuwashawishi wapiga kura wakati wa uteuzi na kampeni, lakini mwezi Machi kampeni hazijaanza, na mifuko ya saruji inayotolewa mwezi Machi haisahauliki mwezi Oktoba.

Gharama ya saruji hiyo tunaijua. Ujumbe wa Kwaresima wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania wa mwaka 2018, mwaka ambao Kanisa liliadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji, ulikemea kubanwa kwa shughuli za vyama vya siasa na uhuru wa habari, katika kipindi ambacho wengi waliogopa hata kunong'ona. Ulisikika kwa sababu waliouandika hawakuwa na deni. Nenda Kenya: Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia ya Soweto, zikiwemo shilingi milioni 2 za Kenya za ujenzi wa nyumba ya mapadri, na kuelekeza zirudishwe. Kwa tendo hilo moja waumini walifundishwa maana ya sadaka kuliko kwa mahubiri kumi. Mkono uliopokea saruji hauandiki waraka.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema: "Kanisa linahitaji majengo, na wafadhili wa nje wamepungua." Ni kweli, na kujitegemea ni heshima. Lakini kujitegemea maana yake ni waumini kulitegemeza Kanisa lao kwa kadiri ya uwezo wao, polepole ikibidi, na siyo kumtafuta mfadhili mpya mwenye kadi ya chama. Kigango kilichojengwa kwa miaka kumi na wanakijiji ni mali yao. Kilichojengwa kwa siku moja na mgombea kina mwenyewe.

Wa pili atasema: "Usichanganye dini na siasa." Ajabu ni kwamba anayesema hivyo hukaa kimya mgombea anapokabidhiwa kipaza sauti baada ya Komunyo, na hushtuka tu padri anaposoma Isaya. Aliyechanganya ni nani?

Wa tatu atanikumbusha kwamba Injili inataka sadaka ifanyike kwa siri, hivyo huenda maskini wanasaidiwa bila mimi kujua. Ningefurahi sana iwe hivyo. Lakini mbona mchango wa ujenzi hatuufanyi kwa siri? Tumelitii agizo la siri pale tu ambapo hatutoi.

Kukosoa bila kupendekeza ni kazi rahisi, kwa hiyo naweka mezani mambo manne. Kwanza, kila jumuiya itenge sadaka yake ya Kwaresima mbali na michango mingine, na imfikie mhitaji anayejulikana kabla ya Pasaka, kwa mfano ule ule wa zaka ya fitri. Pili, Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu usomwe wote na ujadiliwe katika jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970 ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Leo nyingi zimebaki vituo vya kukusanyia bahasha. Tatu, halmashauri za parokia zitangaze kwamba katika mwaka wa uchaguzi, hadi uchaguzi upite, hakuna mtia nia wala kiongozi wa chama atakayekuwa mgeni rasmi wa harambee. Akitaka kutoa, atumbukize kapuni kama bibi aliyekaa nyuma yake. Nne, mwajiri Mkatoliki alipe malimbikizo ya wafanyakazi wake kabla ya Ijumaa Kuu. Hilo la nne halihitaji kikao.

Kwa wanafunzi wangu, mnaopenda kuniuliza kama dini bado ina kazi katika nchi hii: swali hilo halijibiwi darasani. Linajibiwa Vigwaza, katika mwezi huu, kwa kuangalia nani amelipwa, nani amerudishiwa shamba lake na nani amekula. Majivu huoshwa jioni ile ile. Malori yataendelea kupimwa pale barabarani usiku na mchana, na yaliyozidisha yatashusha mzigo. Sisi tuna hadi Pasaka kushusha wetu.